Kizuri Hakijiuzi Katika Langalanga

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tulivyofunzwa na wazee wetu. Kwa jodari aliyetolewa baharini alfajiri neno hilo ni kweli tupu. Lakini nawasikia vijana wetu mabarazani, wakishindana juu ya Hamilton na Verstappen, wakisema kwamba dereva hodari, hata azaliwe wapi, ataonekana tu, kwa kuwa timu kubwa zina watu wao wazungukao duniani kutafuta chipukizi. Mimi nasema sivyo. Katika mbio za langalanga kizuri hakijiuzi hata siku moja. Hutembezwa, tena na baba yake, miaka na miaka, kabla mnunuzi hajainua jicho.

Tumtazame huyo Lewis Hamilton, madhali ndiye atajwaye zaidi. Kisa kipendwacho ni cha Desemba 1995, pale mtoto wa miaka 10 alipomfuata Ron Dennis, mkuu wa timu ya McLaren, katika karamu ya kutoa tuzo, akamwambia kwamba siku moja angependa kuyaendesha magari yake. Mwaka 1998 McLaren na Mercedes wakamtia katika mpango wao wa kulea madereva, 2007 akaingia Formula 1, 2008 akawa bingwa wa dunia, na kufikia 2020 alikuwa ameutwaa ubingwa mara 7. Kisa kitamu. Lakini mtoto yule alifikaje karamuni? Alifika kwa kuwa alikwisha kuwa bingwa wa watoto wa Uingereza katika vigari vile vidogo viitwavyo karti, alivyoanza kushindania akiwa na miaka 8. Na katika miaka yote hiyo aliyekuwa akilipa ni baba yake, Anthony, mtoto wa mhamiaji kutoka kisiwa cha Grenada, akifanya kazi hii mchana na nyingine jioni ili mipira na mafuta vipatikane. Ron Dennis hakumvumbua Lewis. Aliyemvumbua ni Anthony. Dennis alifika bidhaa imekwisha kupangwa mezani.

Na hao ndio waliobahatika. Wazazi wa Mfaransa Esteban Ocon waliuza nyumba yao wakaishi ndani ya gari la kuvutwa, wakihama naye kutoka kiwanja hiki cha karti hadi kile. Baba yake Michael Schumacher alikuwa mwashi aliyekitunza kiwanja cha karti cha Kerpen, Ujerumani, na mwana akapata pa kujifunzia kwa sababu hiyo. Hata hivyo, siku ya kuingia Formula 1, mwaka 1991 huko Ubelgiji, kiti chenyewe kilipatikana kwa sababu mwenyewe alikuwa amefungwa jela London, na Mercedes ndiyo iliyoilipa timu ya Jordan ili kijana wao akikalie. Kipaji kilikuwapo, lakini bila hundi kisingalipanda garini.

Hesabu yenyewe yatisha. Toto Wolff wa Mercedes amewahi kuipiga hadharani, kuanzia karti hadi mlango wa Formula 1, akafikia kama Yuro milioni 8. Wala si pesa za anasa. Sheria yataka dereva awe na alama 40 alizozikusanya katika mashindano ya chini kwa muda wa misimu 3 ndipo apewe leseni, na mashindano hayo hulipiwa. Kisha mlangoni pana viti 20 tu, vilivyofanywa 22 katika orodha ya msimu wa 2026, na wengi wa wenye viti hawaondoki.

Linganisha na mbio za punda za Lamu wakati wa Maulidi. Kijana ashindaye pale amempanda punda mwaka mzima akibeba mchanga na mawe. Kazi yake ya kila siku ndiyo mazoezi yake. Chombo kimo mkononi mwake. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba fulani ndiye mpanda punda bora wa Lamu, naamini. Nikiambiwa kwamba wale 20 ndio madereva bora wa dunia nzima, nasema ni bora miongoni mwa waliolipiwa.

Watetezi wa timu watanijibu kwamba siku hizi timu zenyewe hulipa. Kweli, hulipa. Red Bull ilianzisha mpango wake wa chipukizi mwaka 2001, na Ferrari ikafungua chuo chake 2009. Sebastian Vettel alitoka kwa Red Bull, na Charles Leclerc alipitia kwa Ferrari. Lakini tuusome mkataba kabla ya kuusifu. Mtoto hutiwa saini angali wa shule, na anayempa pesa ndiye anayemkata. Mwaka 2016 Daniil Kvyat alishushwa daraja baada ya mbio 4 tu za msimu ule, kiti chake akapewa Max Verstappen wa miaka 18, ambaye alishinda mara ile ile huko Hispania. Na kwa ushindi ule dunia ikasahau kuuliza habari za Kvyat. Mwaka 2019 Pierre Gasly aliteremshwa katikati ya msimu. Mwaka 2025 Liam Lawson alipewa mbio 2. Mbili! Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa na bakora, tena hakuionea haya, lakini mtoto aliyekwama katika Tabaraka hakuambiwa arudi kwao asionekane tena. Na huyo Gasly aliyeteremshwa alishinda mbio za Italia mwaka 2020, akiwa na timu ndogo aliyorudishwa. Basi waliomhukumu waliona nini?

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waislamu wa Pwani hatuwezi kulipita. Niki Lauda, aliyekuja kuwa bingwa mara 3, alinunua nafasi zake za mwanzo kwa mkopo wa benki, na mkopo wa benki una riba. Kwa miaka mingi magari yalivaa rangi za sigara. Misimu ya 2024 na 2025 timu nzima ilibeba jina la kampuni ya kamari. Kijana wetu akipata mdhamini wa namna hiyo, kifuani atavaa nini? Nayauliza haya mapema kwa sababu mkataba ukishaletwa mezani, mzazi masikini huwa hana tena nafasi ya kuuliza.

Huenda mtu akasema tuwatazame ndugu zetu wa Ghuba. Wana mbio Bahrain tangu 2004, Abu Dhabi tangu 2009, Qatar na Jeddah tangu 2021, na mkuu wa shirika la FIA tangu Desemba 2021 ni mtu wa Dubai, Mohammed Ben Sulayem. Lakini hadi msimu wa 2025 kwisha, hakuna hata mwana mmoja wa nchi hizo aliyewahi kushindana katika Formula 1. Mali imekwenda kwenye viwanja na taa. Isack Hadjar, mzaliwa wa Paris mwenye asili ya Algeria, aliyemaliza wa 3 huko Uholanzi mwaka 2025, alilelewa na pesa za Waaustria.

Sisi tuna Safari Rally. Joginder Singh, fundi wa magari, aliishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Zama hizo fundi aliweza. Mbio zile ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Wakenya watatu, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, walipewa magari ya Ford kwa udhamini wa Kenya Airways na wenzake, na 2022 Kimathi akaendesha juu ya theluji ya Sweden. FIA nayo ilikwisha kuanzisha mpango wa Rally Star, ambao kijana hujaribiwa kwa mchezo wa kompyuta au kwa gari dogo kiwanjani, asidaiwe utajiri wa baba; na Mwestonia aliyepatikana humo, Romet Jürgenson, akautwaa ubingwa wa dunia wa vijana wa rali mwaka 2024.

Kwa hiyo njia ipo, na imekwisha kujaribiwa. Wafanyabiashara wetu wa Mombasa, ambao arusi moja huwamalizia mamilioni, wangeweza kuweka karti 10 na fundi mmoja mahali palipo wazi, na watoto wa miaka 8 wa Kisauni na Likoni wakaingia bure kila Jumamosi.