Chumvi Nayo Ipimwe

Mvua zikishakatika, mabwawa ya chumvi ya Lindi na Mtwara huanza kazi. Maji ya bamvua yanafunguliwa bwawa la kwanza, yanahamishiwa la pili, la tatu, yakizidi kukolea, mpaka yafike kwenye majaruba ambako chumvi huganda. Lita moja ya bahari haitoi hata gramu 30 za chumvi ya kula. Kilo moja tu inataka lita karibu 40 zikaushwe na jua na upepo. Kisha mtu aikwangue, aibebe, airundike. Ikinyesha mvua ya ghafla, rundo linarudi kuwa maji.

Baada ya jasho lote hilo, chumvi inauzwa kwa gunia, tena gunia lenye kilemba, yaani lumbesa. Mnunuzi ndiye mwenye gari, ndiye mwenye gunia, ndiye anayesema limejaa. Mwenye jaruba hana ghala, na jirani zake wamevuna wiki ileile. Atabisha kwa nguvu gani?

Kelele za lumbesa tumezizoea kwenye viazi na vitunguu. Chumvi je? Sheria zetu zinaihesabu kuwa madini. Mchimbaji mdogo wa dhahabu, tangu 2019, ana masoko ya madini ambako mali yake inawekwa kwenye mizani mbele ya macho yake. Mvuna chumvi, aliye chini ya sheria hiyohiyo, anakadiriwa kwa macho.



Lipo pia suala la madini joto, yanayokinga watu na rovu na watoto na kudumaa kwa akili. Gunia la kilo 50 linahitaji gramu chache tu, na bomba la mgongoni linatosha kupulizia (jipya, jamani, si lile la dawa ya mikorosho). Lakini kipimo chake kinafuata kilo. Asiyejua uzito wa gunia lake atie kiasi gani?

Halmashauri za pwani ziweke mizani iliyokaguliwa kila penye mashamba ya chumvi, na kando yake ghala la mbao, maana bati chumvi italila. Bei itajwe kwa kilo. Mabwawa yatafunguliwa tena Juni, mizani itangulie.