Akiumia huko Japani, ni nani atakayemuuguza?

Mwezi wa Februari, miaka miwili iliyopita, kijana wa miaka 17 kutoka upande wa Subukia aliletwa katika kliniki yangu hapa Nakuru. Alikuwa ameandamana na mama yake pamoja na bwana mmoja aliyevaa koti la michezo, ambaye nilielezwa kuwa ndiye wakala. Walitaka jambo moja tu: nijaze fomu ya afya yenye kurasa mbili ili kijana aende Japani kusoma katika shule ya sekondari na kuikimbilia timu ya shule hiyo. Siku ya kusafiri ilikuwa imebakiza siku tisa.

Nilimpima kama fomu ilivyotaka. Mapafu yalikuwa safi. Moyo ulipiga mara 44 kwa dakika, jambo ambalo kwa mkimbiaji si ugonjwa bali ni dalili ya mazoezi. Macho, masikio, damu na mkojo, vyote vilikuwa sawa. La ajabu ni kwamba fomu hiyo haikuwa na hata swali moja kuhusu miguu, na hali ni miguu hiyo hiyo iliyokuwa ikimpeleka ng'ambo.

Alipokuwa akishuka kitandani niliona kwamba alitanguliza mguu wa kulia na kuuhurumia wa kushoto. Nikambonyeza kwa kidole kimoja kwenye muundi, yaani ule mfupa wa mbele chini ya goti. Akaruka. Nikamwomba arukeruke kwa mguu huo mmoja, hakuweza. Kumbe alikuwa na maumivu hayo kwa zaidi ya mwezi mmoja, na kila alfajiri kabla ya mazoezi alikuwa akimeza vidonge vya diklofenaki alivyonunua katika duka la dawa.

"Daktari, tafadhali usiandike hayo," alininong'oneza. "Nikibaki nyuma, nafasi yangu itapewa mwingine."

Wakala alicheka kidogo. Alisema hayo ni maumivu ya kawaida ya wakimbiaji, na kwamba kijana angepona akifika kwa kuwa Wajapani wana hospitali kubwa. Mama, ambaye tangu kuingia alikuwa amenyamaza, ndipo alipouliza: "Na akiugua huko, ni nani atakayemuuguza?"

Hakuna aliyemjibu. Swali hilo ndilo ninalotaka kuwaletea wasomaji leo, maana kila mwaka wapo wazazi wa Nakuru, Nyandarua na Laikipia ambao huwaaga watoto wao katika uwanja wa ndege bila ya kuliuliza.

Msomaji asinielewe vibaya. Mimi si mpinzani wa safari hizi. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983, na miaka minne baadaye akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma. Eric Wainaina, ambaye naye alikulia kimichezo huko, alituletea shaba ya marathoni kutoka Atlanta mwaka 1996 na fedha kutoka Sydney mwaka 2000. Paul Tanui alikuwa akiikimbilia timu ya kampuni ya Kijapani aliponyakua fedha ya mita 10,000 huko Rio mwaka 2016. Nyumba nyingi za mawe katika eneo letu zimejengwa kwa mishahara ya huko, na wadogo zao wengi wamelipiwa karo. Mzazi anayekataa nafasi kama hiyo bila sababu anamdhulumu mwanawe.

Lakini ni vizuri tujue kijana anakwenda kufanya nini. Mbio zinazopendwa mno Japani huitwa ekiden. Ni mbio ndefu za barabarani ambazo wakimbiaji wa timu moja hupokezana utepe badala ya kijiti. Shule za sekondari hukutana Kyoto kila mwezi wa Desemba. Timu za kampuni hupambana Siku ya Mwaka Mpya katika mkoa wa Gunma. Vyuo vikuu navyo hukimbia kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi tarehe 2 na 3 Januari, zaidi ya kilomita 200, huku mamilioni wakitazama kwenye televisheni. Sheria zimewawekea wageni mipaka. Katika mbio za Hakone, kwa mfano, kila timu hukimbiza watu 10, na kati ya hao hairuhusiwi kumtumia mgeni zaidi ya mmoja.

Hebu fikiria maana ya jambo hilo. Kijana wetu ndiye mgeni huyo mmoja. Analala katika bweni ambalo hakuna anayesema lugha yake, na amepelekwa huko ili sehemu yake aikimbie kwa kasi kuliko wote. Mtu aliyeletwa kwa kazi moja huogopa kusema kwamba kazi hiyo inamuumiza. Yule wangu aliogopa hata akiwa bado Nakuru, mbele ya mama yake mzazi. Akiwa Japani angemwambia nani?

Nirudi kwenye ule muundi. Mfupa wa kijana anayekimbia kilomita nyingi kila siku hupata nyufa ndogo ndogo, na mwili huziziba usiku anapopumzika. Mazoezi yakizidi, au chakula kikipungua, nyufa huongezeka kuliko mwili unavyoweza kuziziba. Mwanzoni hata eksirei huweza isionyeshe kitu kwa wiki mbili au tatu za kwanza. Akipumzika wiki sita hadi nane, kwa kawaida hupona kabisa. Akiendelea kukimbia huku akimeza vidonge vya kutuliza maumivu, mfupa waweza kuvunjika kabisa, na vidonge hivyo navyo huchubua tumbo na kuchosha figo, hasa mtu akitokwa na jasho jingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mkimbiaji ukuta huo huweza kumgharimu msimu mzima, pengine na nafasi yake shuleni.

Kwa wasichana kuna dalili nyingine ambayo akina mama wasiione kuwa ni jambo la kuonea haya. Msichana mkimbiaji akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, mara nyingi mwili unasema kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya. Miaka ya ujana ndiyo mifupa hujiwekea akiba ya maisha yote, na akiba isiyowekwa wakati huo ni vigumu sana kuifidia baadaye. Huyo apelekwe kwa daktari kabla ya safari. Asisifiwe kwa kuwa amekuwa mwembamba.

Jambo la tatu ni sindano. Vijana wengi hapa kwetu hudungwa sindano za goti au mgongo katika vyumba vya nyuma vya maduka ya dawa bila kuambiwa ni za nini. Baadhi yake zina triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo imewaponza wanariadha kadhaa wa Kenya walipopimwa. Tangu mwaka 2022, sindano zote za jamii hiyo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Sheria ni kali: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukukijua jina. Wala tusidhani kwamba ng'ambo hakuna hatari za namna hii. Mwaka 2016 chama cha riadha cha Japani chenyewe kilitoa onyo juu ya sindano za madini ya chuma walizokuwa wakidungwa wakimbiaji wachanga. Chuma kikizidi mwilini hujilimbikiza katika ini na moyo. Mtoto afundishwe neno moja la kusema kabla ya mkono kunyooshwa: "Hii ni dawa gani?"

Halafu kuna afya ya moyo usiopimwa kwa chombo. Wengi tunamkumbuka Samuel Wanjiru wa Nyahururu. Alikwenda Japani mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15, akasoma shule ya Sendai Ikuei, kisha akaikimbilia timu ya Toyota Kyushu chini ya kocha Koichi Morishita, aliyepata fedha ya marathoni huko Barcelona mwaka 1992. Mwaka 2008, katika joto la Beijing, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2:06:32. Alikuwa na miaka 21. Tarehe 15 Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake Nyahururu, akiwa na miaka 24 tu. Mengi yalisemwa juu ya kifo hicho, na si kazi yangu kuyarudia. Ninachosema ni hiki: mtoto anayelelewa na ratiba ya kocha tangu miaka 15 anahitaji watu wa kumpokea arudipo, kama alivyohitaji watu wa kumuaga. Sisi humwuliza mwanariadha ametumia dakika ngapi na amerudi na kiasi gani. Ni nadra kumwuliza analalaje.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, apate namba ya simu ya mwalimu au kocha wa huko, na azungumze naye mwenyewe bila kupitia kwa wakala, hata kama itabidi kumtafuta mkalimani. Pili, aulize kwa maandishi: mtoto akiumia asiweze kukimbia kwa miezi sita, je, ataendelea kusomeshwa, na nauli ya kumrudisha italipwa na nani? Tatu, aulize habari za bima. Mgeni anayekaa Japani zaidi ya miezi mitatu hutakiwa kujiunga na bima ya afya ya umma, na kwa kawaida mgonjwa hulipa asilimia 30 ya gharama. Nani atakayelipa hiyo asilimia 30? Nne, pasipoti ibaki mikononi mwa mtoto. Tano, wakubaliane siku ya kupiga simu. Wenzetu wametutangulia kwa saa sita. Saa nane mchana hapa Nakuru ni saa mbili usiku kwao, wakati mzuri wa kuzungumza. Akianza kujibu kwa neno moja moja, akisema halali au hali, hilo si jambo la kungoja likizo.

Kwa madaktari wenzangu nina ombi. Fomu hizi zisiwe karatasi za kupigwa mhuri kwa haraka kwa sababu mteja ana gari linalomngoja nje. Mvueni kijana viatu. Mwulizeni maswali wakala akiwa nje ya chumba. Nao wakuu wa riadha wangefanya vyema kuagiza kwamba kila mwanariadha aliye chini ya miaka 18 apimwe na daktari asiyelipwa na wakala, kwa sababu wakala hupata chake kijana anapoondoka, awe mzima au mgonjwa.

Sikutia sahihi siku ile. Wakala alikasirika akasema nimeharibu maisha ya mtoto wa maskini, na nakiri kwamba usiku huo sikulala vizuri. Mama ndiye aliyemaliza shauri. Alisisitiza apewe namba ya shule, akamtafuta binti mmoja wa jamaa yake aliyejua Kijapani kidogo, wakapiga. Jibu likaja kesho yake: kijana apumzike, nafasi yake ipo. Aliyekuwa na haraka hakuwa shule.

Alisafiri wiki nane baadaye, shule ikiwa imeshafunguliwa, mguu umepona na fomu yangu mfukoni. Nilikuwa nimeongeza kwa mkono wangu mstari mmoja chini ya ukurasa wa pili, kuhusu muundi wa kushoto. Mama yake hupita kliniki mara kwa mara kupima presha, na kila Jumapili saa nane mchana huwa hapatikani kwa simu.