Funzo la Makaa ya Mawe ya Lamu

Mwezi wa Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Malindi, nchini Kenya, ilitoa hukumu ambayo haifai kupita masikioni mwetu kama upepo. Mahakama hiyo iliitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu. Ilithibitisha uamuzi wa tarehe 26 Juni 2019, ambapo baraza la rufaa za mazingira la nchi hiyo liliifuta leseni ya mradi huo.

Watu wa Lamu si wageni kwetu sisi wa Unguja na Pemba. Ni ndugu zetu wa lugha, wa dini na wa jahazi. Wahenga walisema ukimwona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa wananchi na kwa viongozi, maana lililowafika wao laweza kutufika sisi.

Mtambo ule ulikusudiwa kutoa megawati 1,050. Wakati leseni inafutwa, Kenya nzima pamoja na viwanda vyake vyote haikufikia megawati 2,000 hata katika saa ya matumizi makubwa kabisa. Makaa yenyewe yangeanza kwa kuagizwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Na hayo yalipangwa katika nchi yenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, nchi ambayo mwaka 2019 ilizindua mitambo ya upepo ya megawati 310 karibu na Ziwa Turkana. Mwenye kisima cha maji matamu uani kwake alikuwa anataka kukopa fedha ili akanunue maji ya chumvi ng'ambo.

Lakini ubaya mkubwa ulikuwa katika mkataba. Shirika la umeme lingetakiwa kumlipa mwenye mtambo si chini ya dola milioni 360 kila mwaka kwa miaka 25, umeme utumike usitumike. Jumla yake ni dola bilioni 9. Mzigo huo usingebebwa na waliotia saini. Ungebebwa na mvuvi, fundi cherehani na mama lishe, kila mmoja katika bei ya umeme wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba nchi haijengwi kwa kutegemea fedha za kukopa. Mkataba wa namna hii ni minyororo, hata ukiandikwa kwa wino wa maendeleo.

Wananchi wa Lamu waliuliza maswali ya haki. Maji ya moto ya mtambo yatamwagwa wapi, na samaki watakwenda wapi? Majivu yatazikwa wapi? Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika eneo lao, na mji wao wa kale umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Walipoona leseni imetolewa mwaka 2016 bila ya majibu ya kuridhisha, waliungana wakakata rufaa. Hawakuvunja kitu wala kumpiga mtu. Walishika sheria.

Na sheria iliwapa haki. Baraza lilikuta kwamba wananchi waliitwa mikutanoni kabla ya uchunguzi wa athari kufanyika, na ulipokamilika hawakupewa nafasi ya kweli ya kuusoma na kuujadili. Lilikuta pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Viongozi wetu na wayatafakari hayo. Kumwita mwananchi mkutanoni, akakaa kwenye mkeka, akapewa soda na kupigishwa makofi, si kumshirikisha. Kushirikishwa ni kuelezwa faida na madhara kabla shauri halijakatwa, na kuwa na haki ya kusema hapana.

Wapo watakaosema kwamba matajiri walijenga nchi zao kwa makaa ya mawe, sasa wanatukataza sisi. Neno hili lina ukweli, wala hatulipuuzi. Uingereza ilianza kuzalisha umeme wa makaa mjini London mwaka 1882, na mtambo wake wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Ni miaka 142 ya moshi. Bara zima la Afrika halitoi hata sehemu tano katika mia ya moshi wa dunia. Waliochafua wana deni kwetu, na tuna haki ya kulidai katika kila mkutano wa mataifa bila ya kuona haya.

Hata hivyo, kudai deni ni jambo moja, na kununua sumu ni jambo jingine. Biashara hii inafungwa na wenyewe walioianzisha. Benki kubwa ya China iliyokuwa igharamie mtambo wa Lamu ilijitoa mwaka 2020, na Septemba 2021 China ilitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Anayeingia leo sokoni atauziwa bidhaa ambayo muuzaji mwenyewe ameikimbia.

Sisi wa visiwani tunayajua madhara ya joto la dunia bila ya kusomewa. Kisiwa Panza, maji ya bahari yameingia mashambani. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wameona mwani wa bei kubwa, ule uitwao kotonii, ukifa kwa sababu maji ya pwani yamekuwa ya moto. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini janga hili tunalila sisi tusiolichuma.

Vile vile tunajua maana ya kutegemea umeme wa mbali. Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010. Hatujasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa Unguja ulipoharibika. Miezi mitatu maji hayakupanda mabombani na mafundi walikaa bila ya kazi. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu kila siku, na sisi tulikuwa gizani.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa umeme unaohusu visiwa hivi usomwe kwa Kiswahili katika shehia, pamoja na bei yake na masharti yake ya malipo, kabla ya kutiwa saini. Pili, jua na upepo wetu vipewe nafasi ya mbele katika bajeti, vianzie hospitalini, maskulini na kwenye visima vya maji, ili waya ukikatika maisha yasikatike. Tatu, kwa kuwa umeme wa Bara ndio wetu pia, wawakilishi wetu katika Muungano waseme wazi juu ya makaa ya Ngaka na Mchuchuma. Hatuwaombei ndugu zetu wa Ruvuma na Njombe wakose riziki. Tunaomba mipango ya nchi iwatafutie kazi nyingine mapema, kabla soko la makaa halijawafia mikononi.

Na wananchi nao wana wajibu. Tukiitwa katika mikutano ya shehia twende, tuulize, na majibu yaandikwe. Ndugu zetu wa Lamu walidumu katika shauri hili kwa karibu miaka tisa bila ya kuchoka. Uongozi ni amana, na mwenye amana huulizwa. Tuulize sasa, wakati kalamu bado haijagusa karatasi.