Kasuku si kompyuta: amri ije mwisho

Leo naweka kando seva na intaneti, nizungumzie kasuku. Msishangae. Mada bado ni ya amri na majibu, kazi ninayoifanya kila siku mbele ya kompyuta.

Hapa Malindi jirani yangu anafuga kasuku wa kijivu, kwa kibali. Kila anayeingia humwamrisha: mzee asema "njoo", watoto "kuja", mgeni wa Kitaliano "vieni". Ndege anawatazama tu. Basi wanapaza sauti, kisha wanasema ana kichwa kigumu. Kwa maoni yangu, ndege hana kosa. Hakuna aliyemfunza maana ya maneno hayo.

Sisi watu wa programu tumezoea kuandika amri, mashine ikatii. Kwa kasuku mambo ni kinyume: kitendo kwanza, malipo pili, neno mwisho. Ukitaka azunguke, mwonyeshe mbegu ya alizeti, uizungushe polepole mbele yake mpaka mwili uifuate. Anapomaliza tu, bonyeza kalamu ilie "tik", kisha mpe mbegu. (Parachichi usimpe, ni sumu kwake.) Ule mlio ndio unaomwambia ni kitendo gani kilicholipwa. Ukichelewa, umelipa kitu kingine, pengine kujikuna. Akishazoea kuzunguka bila kusita, ndipo useme "zunguka" kabla hajaanza. Liwe neno moja kwa nyumba nzima. Dakika tano zatosha, na akichoka, funga somo.

Halafu jaribu kama tunavyojaribu programu: badilisha kitu kimoja tu. Sema "zunguka" huku mikono iko nyuma. Asipozunguka, ujue alikuwa akifuata mkono, si neno. Ujerumani kulikuwa na farasi aitwaye Hans, aliyesifiwa kwa kujua hesabu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakuhesabu chochote. Aligonga kwato mpaka alipoona mwili wa muulizaji umetikisika kidogo, akaacha. Muulizaji mwenyewe hakujua kwamba ametoa ishara.

Sisemi kasuku hana akili. Huko Marekani, Irene Pepperberg alianza kumfunza kasuku wa kijivu aitwaye Alex mwaka 1977. Kufikia kifo chake mwaka 2007, Alex aliweza kutaja rangi, maumbo na vitu takriban 50. Alifunzwa kwa kutazama watu wawili wakiulizana na kujibizana mbele yake, siku baada ya siku, miaka 30. Njia ya mkato haikuwepo.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mtu akiona video ya kasuku anayetii, anataka wake kesho. Tamaa hiyo imewamaliza kasuku wa kijivu katika misitu mingi, hata mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini. Na sisi huku Kilifi tuna kasuku wetu, wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, anayetaga kwenye matundu ya miti. Kumtoa kinda tunduni ili aje acheze sebuleni ni wizi. Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali cha KWS.

Kasuku anayezunguka ukisema "zunguka" hajakutii. Mmepatana, na wewe una deni la mbegu. Programu ikinichosha naizima. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujachagua neno la kumwamrisha, jiulize nani atakuwa akilipa deni hilo miaka yote hiyo.