Muhula wa kwanza unawafundisha nini wadogo zetu?



Kila Januari viongozi wanapanda jukwaani kututajia idadi. Darasa la kwanza wameandikishwa wangapi, lengo limevukwa kwa asilimia ngapi, makofi. Sawa. Mimi nataka takwimu moja ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa: Juni muhula ukifungwa, mtoto huyo anajua nini?

Hapa Mukendo nilikagua daftari la mtoto wa dada yangu. Shule siitaji, tatizo si la shule moja na walimu wenyewe wanahangaika. Daftari limejaa a, e, i, o, u na alama za vema kwa wino mwekundu. Nikamwandikia "ba" kwenye karatasi nyingine, pembeni na ule mpangilio wa ubaoni. Kimya. Kumbe mtoto anaimba ubao, hasomi! Ila mengine anayajua barabara. Anajua kuitikia kwa sauti moja na wenzake. Anajua kubanana dawati moja wanne. Anajua siku ya kubeba dumu la maji. Na anajua kwamba mwenye swali anyamaze, asicheleweshe darasa.

Jamani, usafi na heshima ni malezi mema, hata nyumbani tunafundisha. Ninachokataa ni mtoto wa miaka sita kujifunza kunyamaza kabla hajajifunza kusoma.

Tupige hesabu. Serikali yenyewe imeweka kiwango: darasa la awali mwalimu mmoja kwa watoto 25, shule ya msingi mmoja kwa 45. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Wakiwa 90 darasani, kila mtoto anapata sekunde 20 za mwalimu. Sekunde 20 utamshika mkono aandike? Utasikiliza anavyotamka? Na kule vijijini mtoto anaingia shule na Kizanaki, Kijita au Kikurya chake, Kiswahili ndiyo anakutana nacho pamoja na herufi. Mwalimu afanye nini zaidi ya kuimbisha? Tangu 2015 tunaambiwa madarasa ya chini ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. KKK haifundishwi kwa kwaya.

Fedha nayo? Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza enzi za MMEM mwaka 2002. Elimu bila ada ilipoanza 2016 kiwango kikabaki palepale: 4,000 za vitabu zikabaki juu, 6,000 zikaenda shuleni. Hiyo ni 500 kwa mwezi kwa mtoto. Hivi kuna mzazi sokoni anayeweza kuniambia mwaka 2002 shilingi 10,000 ilinunua nini na leo inanunua nini?

Na haya yanatokea Musoma, mji ambao ulipaswa kuona aibu zaidi ya mingine. Novemba 1974 TANU ilikaa hapahapa ikapitisha Azimio la Musoma: kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Lilikuwa jambo kubwa, wazazi wetu wengi walisoma kwa sababu yake. Lakini hata wakati ule watoto waliongezeka kuliko walimu, na 2016 tukarudia kosa lilelile.

Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule hapa Mwisenge mwaka 1934, aliandika kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule imjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi, anayejiamini kuwa ni huru na sawa na wenzake. CCM wanambeba kwenye fulana kila sherehe. Wamuulize yule mtoto wa dawati la watu wanne kama anadadisi.

Watasema wamejenga madarasa. Wamejenga, tusikatae. Tofali halifundishi. Wahitimu wa ualimu wapo mtaani kwetu, wanaendesha bodaboda na kuuza laini za simu.

Kwa hiyo makamanda, kazi iko hivi. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda, na uulize mambo matatu. Darasa la kwanza la shule yetu lina watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Ruzuku ya robo hii imeingia kiasi gani, na kwa nini haijabandikwa ukutani? Watoto wangapi wanasoma silabi wasizokariri? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yafike kwa mtendaji wa kata na kwa diwani.

Watakuambia unaleta siasa shuleni. Wajibu kwa upole kwamba idadi ya walimu inapangwa na bajeti, na bajeti inapitishwa na wanasiasa. Mtoto aliyezoeshwa kuitikia bila kuelewa, miaka kumi na miwili baadaye anapewa kadi ya kupiga kura. Kuna watu hilo linawafaa sana. Sisi halitufai.