Mbwa Mchungaji Si Pambo la Geti



Ndugu zetu wa Chilinde na Dzaleka, leo tunalisema lile ambalo tunalinong'ona tu tukitoka msikitini. Kumezuka mashindano. Mtu biashara ikimnyookea kidogo hapa Chilinde, anatafuta mbwa mchungaji wa Kijerumani, tena yule mwenye manyoya marefu, anamfunga mnyororo mfupi getini ili wapita njia waogope. Akiulizwa, jibu analo: "Dini imeruhusu mbwa wa ulinzi."

Naam, ruhusa ipo. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa anayefuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Baadhi ya wanazuoni wakafanya qiyaas, wakaingiza na ulinzi wa nyumba. Lakini ruhusa ya kumfuga si ruhusa ya kumtesa! Mwanamke aliyemfungia paka bila chakula aliingia motoni. Mkosefu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa. Hadithi hizi watoto wetu wanazisoma madrasa, kisha wanarudi nyumbani wanamkuta mbwa juani na bakuli kavu. Washike lipi?

Tumjue mnyama huyu. Mwaka 1899 huko Ujerumani, Max von Stephanitz alianza kumwendeleza kwa kazi ya kuchunga kondoo, yaani kutembea na kundi kutwa nzima. Dume hufika kilo 30 hadi 40. Ana akili, anapenda kazi na anashikamana na watu wake. Ukimfunga mwaka mzima hapati ushujaa, anapata wazimu wa upweke. Siku mnyororo ukikatika, anaumwa mtoto wa jirani.

Basi anayemfuga ajue haki zake:

1. Kuchanwa. Manyoya marefu hufungana mafundo nyuma ya masikio na mapajani, na kupe hujificha humo. Achanwe mara kadhaa kwa wiki. Asinyolewe kwa sababu ya joto, kwani manyoya ndiyo kinga yake dhidi ya jua.

2. Maji na kivuli. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Oktoba ya Lilongwe tunaijua sote.

3. Mwendo. Atembezwe asubuhi na jioni, afundishwe kutii.

4. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Hii si haki yake peke yake, ni haki ya jirani. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000, leo wapo zaidi ya 50,000. Katika msongamano ule, mbwa mmoja asiyechanjwa ni hatari kwa watoto wa mtaa mzima. Dalili za kichaa zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akimbilie hospitali achomwe chanjo.

Na nyinyi mnaomrushia mawe mkisema ni najisi, nanyi hamjasalimika. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mbwa akikulamba au akikugusa akiwa na umajimaji, osha mara saba, moja kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hakuna najisi inayohama. Udongo na maji vimetajwa. Jiwe limetajwa wapi?

Kwa hiyo tunasema wazi: asiyeweza kumchana, kumnywesha, kumtembeza na kumchanja, asimfuge. Anunue kufuli zuri, amwombe Allah hifadhi, na thawabu zake zibaki salama. Anayeweza, amfuge kwa haja, si kwa fahari, kwa maana kesho ataulizwa.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) atujaalie huruma kwa viumbe vyake, nasi atuhurumie. Aamiin.

Wallahu a'lam.