Betri Haikufa, Mliiua Nyinyi

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi wenye magari wengi huku kwetu Kitale na Bungoma: betri nyingi mnazotupa hazikuisha zenyewe. Mliziua. Halafu mnakuja mtandaoni kulia ati siku hizi betri zote ni feki.

Feki zipo, sikatai. Lakini pita steji ya Kanduyi asubuhi na mapema, ama uje Kitale, uone vijana wakisukuma Probox. Uliza dereva shida ni nini. Atakwambia, "Ni baridi, msee."

Baridi inasingiziwa tu. Kinachomaliza betri polepole ni joto la chini ya boneti, miezi na miezi. Asubuhi ya baridi Kitale, oili ya injini inakuwa nzito, stata inataka nguvu zaidi, na betri inatoa nguvu kidogo. Kwa hivyo baridi haiui, inafichua tu maiti iliyokuwa imefichwa.

Sasa wauaji wenyewe ni nani? Wa kwanza ni safari fupi. Kuwasha gari kunakula moto mwingi, na alternata inahitaji muda kuurudisha. Ukitoka Milimani hadi tauni, uzime, uwashe, urudi, unatoa bila kulipa. Gari inayotoka Kitale ikipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma inapata nafasi ya kuchaji. Yako ya kwenda supamaketi haipati.

Wa pili ni muziki. Gari imezimwa, spika ziko juu, mbogi iko ndani saa mbili nzima. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kupiga disko. Na ikikaa bila chaji, sahani zake za risasi zinaganda salfati, na ikishakuwa ngumu hairudi tena.

Wa tatu ni uchafu. Ule unga mweupe ama wa kijani kwa teminali si urembo. Unazuia moto kupita. Zima gari, toa waya wa negativu kwanza, sugua na maji ya magadi, kausha, kaza vizuri, paka grisi kidogo. Kazi ya dakika kumi. Pia hakikisha betri imefungwa imara, kwa sababu ikirukaruka kwa barabara mbovu sahani zinavunjika ndani. Na kama ni ile ya kuongezwa maji, weka yaliyosafishwa ya betri. Ya mfereji yana madini, na asidi usiongeze.

Lakini kinachonikasirisha zaidi ni tabia ya kuuziana betri bila kupima chochote. Gari ikilala imezimwa, betri nzuri husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0, iko karibu tupu. Washa injini: mita inafaa kusoma kati ya 13.7 na 14.7. Ikibaki chini, shida inaweza kuwa alternata ama mkanda wake, na hata ukinunua betri mpya leo, itakufa vilevile. Ikizidi 15, inachemshwa. Kipimo hicho kinachukua dakika mbili. Betri iliyotunzwa inaweza kukupeleka miaka mitatu hadi mitano.

Mnaweza kusema, si ni pesa yangu? Hapana. Kwanza kuna dereva ambaye gari si yake. Abiria wa asubuhi wakimpita akisukuma, tajiri bado anataka hesabu yake jioni.

Pili, betri iliyokufa haipotei. Ndani kuna risasi, na hii haihitaji bunduki kuua. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo na ambaye mtoto wake pia alipatikana na risasi mwilini, aliongoza vita hivyo hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikazungushwa kwa rufaa mpaka Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporudisha fidia hiyo. Hela haziwezi kutoa risasi kwa damu ya mtoto.

Kwa hivyo kila betri unayoua mapema inaenda mahali, na kuna mtu anaipasua. Usimwage asidi yake nyuma ya nyumba, na usimpe mtoto aivunje auze chuma. Irudishe kwa muuzaji anayechukua kuukuu akupunguzie bei ya mpya.

Na fundi akikwambia "nunua nyingine" kabla hajapima, muulize mita iko wapi. Kama hana, funga boneti utafute mwingine.